PETRICHOR: hii neno ya kiingereza imetoka wapi? Jiwe, damu ya miungu na harufu ya mvula ya kwanza (uzi mrefu kidogo)

Mwalimu_Katindo

Bandugu na badada, jambo yenu bote. Mi niko Goma, nasaidiaka batoto mu klabu moja ya kiingereza hapa Katindo kila siku ya posho (jumamosi). Ile posho ilipita binti mumoja wa mwaka ya tano sekondari alinileteya kipande cha karatasi kimeandikwa neno moja tu, petrichor, akasema mwalimu hii niliiona mu telefone ya yaya yangu, nikatafuta mu kamusi ya klabu haiko, inamaanisha nini. Nikasoma mara mbili, mara tatu, nikamwambia ukweli, sijuwe, nipatie wiki moja. Klasi yote ikanyamaza juu hawajazoea kusikia mwalimu anasema hajuwe. Basi wiki yote niliimaliza na hii neno, usiku nasoma, muchana niko kazini nawaza iyo tu, na vitu nilivyokuta vinatuhusu siye batu ya Goma kuliko nilivyofikiri, njo maana ninaileta hapa yote.

Maana kwanza. Petrichor ni ile harufu ya muzuri inatoka chini wakati mvula ya kwanza inaanguka fasi ilikauka siku mingi. Ni iyo. Kila mutu hapa anaijua. Mwezi wa nane unaisha, vumbi imejaa mpaka mu sahani, mangaribi moja mawingu inafunga upande wa volkano, matone ya kwanza inapiga mabati moja moja, na mbele mvula haijakuwa mvula unasikia kitu inapanda kutoka chini inakuingia mu pua, bamama banakimbia kutosha nguo ku kamba, batoto banapanga mabeseni na mabido chini ya mabati juu huku kwetu maji ya mvula ni mali. Iyo harufu kiingereza kimeipatia jina yake peke yake.

Sasa asili. Ni maneno mbili za kigiriki zimeunganishwa. Ya kwanza ni petra, jiwe, mwamba. Hii petra munaishi nayo kila siku. Petro wa mu Biblia ni yeye, Matayo 16:18, wewe ni Petro na juu ya mwamba huu, kwa kigiriki ile sentensi inacheza na neno moja, jina na mwamba. Na petroli ni yeye tena, petra ya kigiriki na oleum ya kilatini, mafuta, kwa hiyo ile petroli tunawasha mu taa jina lake ni mafuta ya jiwe.

Ya pili ni ichor, na hapa nilikaa siku mbili. Ichor kwa Wagiriki wa zamani ni kitu kinachopita mu mishipa ya miungu yao pahali pa damu. Mu Iliadi, shairi ndefu ya zamani ya Homero, kitabu cha 5, mupiganaji Diomede anamuchoma Afrodita, mungu wao wa kike wa mapenzi, ku mukono kwa mukuki, na ile inatoka si damu sawa yetu, ni ichor, na Homero anaeleza sababu, kwamba miungu haikule mukate na haikunywa divai, kwa hiyo haina damu. Mi hiyo sababu ilinishangaza sana, kumbe kwao damu ni chakula ilishageuka. Nyuma yake baganga wakachukua lile neno wakaita nalo yale maji mepesi yanayotoka ku kidonda.

Kusoma: ch hapa ni k, sawa mu Kristo. Petrikoo, na nguvu ya sauti inakuwa mwanzoni, PEtrikoo.

Sasa usifikiri Wagiriki wa zamani njo walikuwa wanasema hivi. Apana. Hii neno ni kijana. Iliundwa 1964, inchi yetu iko na miaka 4 ya uhuru, na balimu bawili wa sayansi kule Australia, bibi mumoja Isabel Joy Bear na mwanaume Richard Grenfell Thomas, walikuwa ku CSIRO, lile shirika la utafiti la serikali yao. Waliandika mu gazeti la sayansi Nature. Mbele yao batu ya sayansi walikuwa wanaiita tu harufu ya udongo wa kufinyanga, lakini hawa bawili waliona kusema iyo jina haitoshe juu mawe mingi zingine zinaitoa, hata zile hazina udongo ndani. Wakachukua mawe zilizokaa mu joto na ukavu, wakazipitisha mvuke, na wakapata mafuta ya rangi ya njano. Mafuta kidogo sana. Iyo mafuta inatoka ku mimea na vitu vinavyooza wakati wa kiangazi, inaruka mu hewa, mawe na udongo zinaifyonza polepole, siku ya mvula maji inaingia mu vile vitundu inaisukuma inje. Kwa hiyo wakasema hii ni sawa ichor, kitu chepesi kinachotoka ndani ya jiwe. Ile ilikuwa mu mishipa ya miungu sasa iko mu mishipa ya jiwe.

Swali langu kwenu: kwa kiswahili chetu tuitafsiri namna gani? Siku ya posho iyi inakuja nahitaji jibu, binti ananingojea.

Salome_Birere

Mwalimu asanti sana, nimesoma yote na mutoto mu mukono. Mi sikusoma mingi lakini hii harufu naijua kuliko bote hapa. Mimba yangu ya tatu, kila mvula ikianza nilikuwa natoka inje nasimama ku mulango navuta pumzi mpaka bwana yangu anaogopa, nyuma nikaanza kununua ule udongo wa kula banauza ku soko, si juu ya utamu, ni juu ya harufu yake ikishika mate mu kinywa. Ni ile ile. Bamama bengi banajua hii jambo lakini hawasemake mbele ya banaume. Kama kungekuwa namna ya kuiweka mu chupa ningeinunua hata leo.

Mwalimu_Katindo

Mama Salome, namna iko! Kule India kuna muji unaitwa Kannauj, mu jimbo la Uttar Pradesh, kazi yao toka zamani ni marashi, na kati ya marashi yao iko moja ya udongo, wanaiita mitti attar, mitti ni udongo. Wanachukua udongo wa kiangazi umechomwa sawa chungu, wanauweka mu mitungi ya shaba na maji, moto chini, mvuke inapita inaingia mu mafuta ya sandali, na yale mafuta inabaki na harufu ya mvula. Bear na Thomas wenyewe wanaitaja iyo kazi. Kwa hiyo balimu ya 1964 wametia jina tu, bafundi ba Kannauj walikuwa wameshaikamata mu chupa zamani.

moto_Ndosho

Swali mukubwa. Mi ni motari niko inje siku yote, hii harufu inakuja na mvula kidogo kidogo. Ile mvula ya nguvu inayoshuka mara moja sawa mutu amemwanga pipa, siisikiake. Ni mi peke yangu?

Mwalimu_Katindo

Si wewe peke yako mudogo, uko na haki kabisa. 2015 kule Marekani ku MIT, chuo kikuu cha teknolojia, Cullen Buie na Youngsoo Joung walipiga filme ya tone la maji linaanguka ku udongo, kwa kamera inayopiga haraka sana, na wakaona kusema tone likigusa chini linafungia hewa kidogo mu vile vitundu vya udongo, ile hewa inageuka maputo, inapanda ndani ya tone, inapasuka juu, inarusha vumbi ya maji bidogobidogo sana hewani, sawa vile fanta inarushiaka pua ukiifungua. Ile vumbi ya maji njo inabeba harufu. Na wakakuta mvula ya pole na ya katikati inarusha mingi, ile ya nguvu inarusha kidogo. Pua yako ku pikipiki ilishaona kile kamera iliona.

Bahati_wa_Kabare

Salamu kutoka Bukavu. Mwalimu umesahau kitu, harufu ya mvula si moja. Iko ile ya chini unaeleza, na iko ingine inakuja mbele yake na upepo, ya baridi, kali kidogo, inachomachoma pua. Ile ni gazi inaitwa ozoni. Radi inapiga, inavunja hewa, ozoni inazaliwa, upepo wa mvula unaishusha mpaka kwetu. Ukitaka kuijua bila mvula, ingia mu nyumba ya fotokopi wakati mashini imefanya kazi asubuyi yote. Na jina lake pia ni la kigiriki, ozein, kutoa harufu, alilitoa Christian Friedrich Schönbein kule Basel, miaka ya 1840 hivi. Kwa hiyo hii gazi inaitwa tu "yenye kunuka".

Mi kwetu ni Kabare, na radi ya Kabare ilipimwa na setelaiti: mu hesabu iliyotoka 2016 Kabare ni ya kwanza mu Afrika na ya pili mu dunia nzima nyuma ya ziwa Maracaibo ya Venezuela, radi 205 kila kilometa mraba moja kwa mwaka. Kwetu ozoni tunaisikia mbele ya kusikia udongo. Koko wangu akisikia ule upepo anasema ingizeni mbuzi.

Muuguzi_Himbi

Naona hapa kunakosa munganga basi naingia. Mwalimu ameongea mafuta ya jiwe, ni kweli, lakini ile sehemu ya harufu inayonuka udongo kabisa kabisa, sawa ukichimba na jembe shamba lililolowa, ile iko na jina lake: geosmini. Tena kigiriki, ge ni udongo, sawa mu jeografia, na osme ni harufu. Jina lilitolewa 1965 na Nancy Gerber na Hubert Lechevalier, chuo kikuu cha Rutgers, mu New Jersey. Mwaka moja tu nyuma ya petrichor, bahari mbili katikati.

Geosmini inatengenezwa na vijidudu vya mu udongo vinaitwa Streptomyces. Na hapa nataka musome polepole. Hiyo jina munaijua. Wale wazee wetu waliokuwa na kifua kikuu, ile shindano waliyodungwa kila siku myezi mbili, streptomisini, inatoka ku ndugu ya hivi vijidudu. Iligunduliwa 1943, Rutgers pale pale, na Albert Schatz mu laboratware ya Selman Waksman, na Waksman akapata Nobel 1952. Ilikuwa dawa ya kwanza iliyoweza kifua kikuu kweli. Mi kila mvula ya kwanza nikisikia ile harufu nawaza bagonjwa, kwamba chini ya miguu yetu kuna viumbe hatuvioni vinatengeneza dawa, na vinatujulisha kwa harufu kwamba viko.

Na pua ya mutu ni kali ajabu ku geosmini. Sehemu 5 tu mu trilioni moja inatosha kuisikia, na trilioni ni milioni mara milioni. Ni ile ile inakupatiaka ladha ya matope ukikula beterave ao samaki ya bwawa.

Salome_Birere

Kambale! Ile ladha ya matope ya kambale! Njo maana siye tunaweka ndimu?

Muuguzi_Himbi

Njo yenyewe mama. Ile ukali wa ndimu inavunja geosmini, ladha ya matope inapungua. Mama yako alikufundisha kemia.

Mtumishi_Majengo

Amani ya Bwana. Mwalimu nakuheshimu na kazi yako na batoto naisifu, lakini sehemu moja imenigusa mu roho. Unafundisha batoto ba Kanisa neno lenye damu ya miungu ya wapagani ndani. Petra sina shida nayo, ni mwamba wetu. Lakini ichor? Kuna faida gani mutoto kusema hii kitu kila mvula ikinyesha, wakati mvula tunaomba kwa Mungu mumoja? Nauliza kwa upendo, si kwa kugombana.

Mwalimu_Katindo

Papa mutumishi asanti kwa kuuliza kwa upole, nililala nikiiwaza, sikutaka kujibu haraka.

Hapa kwetu mu Goma tunasema volkano mara ngapi kwa siku? Redio inasema, kanisa inasema, tukiomba tunamwambia Mungu atulinde na volkano. Lakini volkano ni Vulcanus, mungu wa moto wa Waroma, batu ya zamani walifikiri iko na kiwanda yake ya chuma chini ya mulima. Mardi ya kifaransa ni Mars, mungu wao wa vita, jeudi ni Jupiter, na tunaweka ibada jeudi. Hakuna mutu akisema volkano anaabudu Vulcanus. Neno lilisahau mungu wake, likabaki na kazi. Mi naona ichor nayo ni vile, Bear na Thomas hawakuwa wanaabudu Afrodita, walitafuta neno la kitu chepesi kinachotoka ndani ya kitu kigumu, na kigiriki kilikuwa nalo. Lakini nakubali kwamba siku ya posho lazima nieleze batoto hii yote, nisiwapatie neno bila historia yake. Kwa iyo, papa, umenisaidia.

Mtumishi_Majengo

Ya volkano sikuwa najua. Nimepokea.

Neema_toka_Kigoma

Nimekulia Kigoma, sasa naishi Goma miaka kumi. Kuhusu tafsiri naomba niseme kitu. Nyote hapa mnaandika "inanuka". Kwa kiswahili kule kwetu kunuka ni vibaya, choo kinanuka, soksi zinanuka, kunukia ndiyo vizuri, pilau inanukia, mtoto aliyeogeshwa ananukia. Herufi moja tu, i, na umeshatoa hukumu. Kiingereza wanacho kitendo cha vibaya, stink, lakini cha vizuri hawana, lazima waongeze neno vizuri. Kwa hiyo kabla hatujalia kwamba hatuna neno, tutazame kitendo tulichonacho. "Udongo unanukia." Ukisema hivyo mwezi wa tisa, kuna mtu wa Kigoma atauliza kwa nini? Hakuna. Anajua mvua imefika.

moto_Ndosho

Yaya Neema hiyo nimeipenda. Siye hapa tunasema inanuka kwa yote, leo nimejifunza.

Mwalimu_Katindo

Hii ya nukia naiandika ku tablo siku ya posho, na jina ya aliyeitoa. Lakini yaya, ile ni sentensi, si jina ya kitu. Mutoto akitaka kusema "napenda petrichor", atasema napenda nini? Nilikuwa nafikiri "jasho ya jiwe". Munaona namna gani?

Neema_toka_Kigoma

Jasho linanuka mwalimu, halinukii. Utaharibu kitu kizuri. Sema tu "manukato ya mvua", au kama unataka jiwe libaki, "manukato ya jiwe".

Bahati_wa_Kabare

Mi niko upande wa jasho. Jasho inaonyesha kusema ilitoka ndani, na kusema jiwe lilikuwa na kazi. Manukato ni kitu cha kununua, kinakaa inje ya mwili.

Mkulima_Rutshuru

Nasoma toka asubuyi sasa niongee. Koko wangu alikuwa anatukatalia kabisa kupanda maharagi ku mvula ya kwanza. Anasema acheni udongo utoe pumzi yake kwanza. Tulikuwa tunafikiri anaogopa jua itarudi, na ni kweli jua inarudi mara mingi, mbegu inaoza ao inakauka. Lakini yeye alikuwa anasema pumzi. Pumzi ya udongo. Naitoa hapa kwa mwalimu kama inaweza kumusaidia.

Mwalimu_Katindo

Mukubwa, unajua umesema nini? Wale balimu ba Australia, mwaka 1965, mwaka moja nyuma ya kutoa neno, waliandika tena mu Nature juu ya petrichor na mimea, na walikuta kusema yale mafuta inachelewesha mbegu kuota. Mvula ya kwanza inayatoa mu jiwe, lakini ni maji mingi, ile inakuja nyuma, njo inayasafisha yaende. Mi sitaki kusema koko wako alijua kemia ya mafuta. Lakini aliona udongo wa mvula ya kwanza si tayari, na akauita kwa neno yenyewe. Pumzi ya udongo. Kwa hii dakika jasho yangu naiweka pembeni. Hii ni muzuri kuliko yangu.

Neema_toka_Kigoma

Pumzi ya udongo. Nakubali bila kugombana.

Buhene_2021

Naomba ruhusa nipinge. Munaongea udongo, udongo, Goma iko na udongo gani? Siye tunaishi juu ya lava. Nyumba yetu ya kwanza ilikwenda na volkano ya 22 mwezi wa tano 2021, tulijenga tena juu ya jiwe jeusi pale pale, kuchimba choo inabidi kuvunja na nyundo wiki mbili. Mvula inaanguka kwetu na sisikie kitu. Maji inapita mu mawe inapotea. Munasema petra ni jiwe, basi mi niko na jiwe kuliko mutu yeyote hapa, na harufu iko wapi?

Na neno lingine. Kama munataka neno lililotoka Goma likaingia mu kiingereza, ongeeni mazuku. Bazungu ba volkano wanaliandika vile vile mu vitabu vyao, mazuku, hawakulitafsiri juu hawana lingine. Ni yetu. Ile gazi karbonike inayotoka mu mawe, nzito kuliko hewa, inalala mu mashimo na fasi za chini, upande wa Keshero, Bulengo, Lac Vert, mbuzi inaingia haitoki, mutoto anaingia haitoki. Haina harufu hata kidogo. Mama yangu akitufundisha kukaa mbali na mashimo asubuyi na mapema hakuwa anasema "musikie harufu", alikuwa anasema tazameni majani na ndege. Hapa kwetu jiwe linatoa pumzi zake, si zote za kusifu.

Mwalimu_Katindo

Ndugu yangu wa Buhene, pole sana kwa nyumba. Mazuku ni neno kubwa na uko na haki, linastahili uzi wake, na batoto nitawaambia kusema kiingereza kilikuja mpaka kwetu kulomba neno, juu siye njo tulikuwa tunalipa kwa kulijua.

Lakini ku swali yako ya harufu sikuwa na jibu mu vitabu. Kwa hiyo nilifanya kitu. Siku ya kwanza nilimulomba mwanafunzi wangu mumoja anaishi karibu na Buhene aniletee jiwe la 2021. La 2002 liko ku ukuta wa parseli yetu, yale mawe tulijengea nyuma ya volkano ya 17 mwezi wa kwanza 2002, nikatosha moja. Tena kipande cha tofali ya udongo haijachomwa, na udongo kidogo wa shamba. Nikaziweka mu sahani ine juu ya kibaraza, jua inazipiga, usiku naziingiza, siku ine. Leo siku ya posho nikazipeleka ku klabu. Tukafunga macho ya batoto sita kwa kitambaa, mumoja mumoja, binti mwenye swali wa kwanza, nikamwanga maji na vidole sawa mvula, wanasema wanasikia nini.

Udongo wa shamba, bote sita wakasema mvula mara moja, hata sijamaliza kumwanga. Tofali, watano. Jiwe la 2021, hakuna, mumoja akasema vumbi, mwingine akasema chuma. Jiwe la 2002, tuligawanyika, batatu wakasema mvula, mumoja akasema ukuta wa kanisa, bawili hakuna. Nikafungua macho yao tukatazama. Lile la 2002 liko na ile kitu ya kijivujivu inaotaka ku lava zetu, na kidogo majani madogo ya kijani mu vitundu vyake. La 2021 ni safi, jeusi, linakata mukono.

Kwa hiyo ndugu, jibu yako nafikiri ni hii. Yale mafuta haizaliwe mu jiwe, inatoka ku mimea, jiwe linayaweka tu. La kwako bado ni kijana, hakuna kilichoishi juu yake. La 2002 limeanza. Sahani ine na batoto sita si laboratware, najua, lakini niliona kwa macho yangu na binti aliandika yote mu kayee yake, na juu ya ukurasa akaandika petrichor, chini yake pumzi ya udongo, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, "na ya jiwe, likizeeka".

Buhene_2021

Nimesoma hii mara mbili. Nilipigia papa yangu telefone nikamusomea. Yeye anasema nyuma ya parseli ya baba yake kule Kibati kuko mawe ya volkano ya 1977, ile ya mwezi wa kwanza tarehe 10, yeye alikuwa mutoto. Anasema juu yake kunaota miti sasa. Siku ya posho inakuja nitaleta moja, niambie mulango wa klabu uko avenu gani, na saa ngapi munaanza.

Mwalimu_Katindo

Saa nane. Nitakutumia njia mu inbox. Leta mbili, moja ya inje na moja ya chini ya miti, na uzifunge mu plastike mbele zisilowe njiani.